Pikipiki ya umeme kwa mkataba: kabla hujatoa hela ya kikoba

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Chanika, Dar es Salaam. Nina pikipiki mbili za mafuta nimewapa vijana kwa mkataba wa miezi kumi na minne, kila mmoja ananiletea hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mikataba inakaribia kuisha na pikipiki zitakuwa zao. Kikoba chetu tumekivunja, nimepata milioni tano na laki tisa, nataka kuingia tena. Pikipiki mpya ya mafuta naambiwa ni milioni mbili na laki nane. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri nichukue ya umeme pamoja na betri yake kwa milioni tatu na laki nane, eti haili chochote, ni kuchaji tu. Kuna kampuni nyingine inauza ya umeme kwa milioni mbili na laki nne bila betri. Dereva anabadilisha betri kwenye kituo chao, shilingi 3,500 kila akibadilisha, na kituo cha karibu kipo Gongo la Mboto. Kijana wangu anayepaki Gongo la Mboto anaitaka sana. Yule wa Chanika, ambaye anapeleka abiria hadi Mvuti, anasema betri hufa ndani ya mwaka, mvua ikinyesha inapiga shoti, na ikilipuka itachoma nyumba. Mume wangu anasema tusubiri umeme ushuke bei maana bwawa la Nyerere limekamilika. Nifanyeje?"*

Dada yangu, swali lako nimelipenda kwa sababu umekuja na namba. Wengi huniuliza "pikipiki ya umeme ni nzuri?", nami nabaki sina cha kujibu, maana nzuri kwa nani, barabara ipi, kwa mkataba gani? Wewe umenipa vyote. Na humo humo kwenye namba zako kuna jambo ambalo wote wanne wamelipita, muuzaji, vijana wako wawili na shemeji: kwenye biashara ya mkataba, mafuta hununui wewe. Ananunua dereva. Kwa hiyo umeme ukiokoa hela, anayeiona kwanza ni dereva. Betri ikifa, anayelia kwanza ni wewe mwenye chombo. Nitafika huko, lakini niondoe kwanza maneno ya kijiweni.

Nianze na hili la "haili chochote". Inakula, tena kila siku. Pikipiki ya abiria, dereva na mtu mmoja nyuma, kwenye barabara ya kawaida inatumia kama wati 35 za saa kwa kila kilomita. Tukisema kijana anazunguka kilomita 120 kwa siku, hizo ni uniti 4.2 za LUKU, maana uniti moja ni wati 1,000 za saa. Chaja nayo hupoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo ukutani utalipia karibu uniti 4.8. Uniti moja ya kawaida ukijumlisha kodi na tozo ni kama shilingi 350, basi siku moja ni takriban shilingi 1,700. Umbali huo huo kwa mafuta ni kama lita tatu, na kwa hesabu nyepesi ya shilingi 3,000 kwa lita (bei yenyewe EWURA huitangaza kila mwezi) ni shilingi 9,000. Tofauti ni 7,300 kwa siku. Ni hela ya kweli, simkatalii muuzaji.

Sababu yake iko kwenye injini. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti tisa, kwa hiyo lita tatu ni kama uniti ishirini na saba, nyingi kuliko zile 4.2 zinazotosha mota ya umeme. Nyingine zote huishia kwenye joto. Hebu mwambie kijana asogeze mkono karibu na ekzosi baada ya kupanda Pugu, ataelewa nishati yenu inakwenda wapi. Mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme iliyopewa kuwa mwendo, haina oili ya kumwaga, haina plagi, haina kabureta wala klachi. Bado ina matairi, breki, bearingi, nyaya, na kiboksi kinachoitwa kontrola ambacho kikiungua hakitengenezwi kwa bisibisi. Kwa hiyo gharama za gereji zinapungua, haziishi.

Kuna mtego mdogo hapo kwenye uniti. Uniti 4.8 kwa siku, siku ishirini na sita, ni uniti 125 kwa mwezi kwa pikipiki moja. Kama nyumba yako iko kwenye daraja la matumizi madogo, lile la kutozidi uniti 75 kwa mwezi ambapo uniti ni rahisi sana, pikipiki moja tu itakutoa humo, na friji na taa zako zitaanza kulipiwa kwa bei kubwa. Na kama kijana anachaji kwake, jiulize anakaa wapi. Chumba cha kupanga chenye LUKU ya kuchangia na wapangaji wanne kitaleta ugomvi kabla ya mwisho wa wiki ya kwanza.

Hoja ya shemeji nayo tuipime. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni kubwa kweli, megawati 2,115 kwa mitambo tisa, na limeongeza sana umeme kwenye gridi. Lakini tuseme bei ya uniti ishuke nusu kesho asubuhi. Utaokoa kama shilingi 850 kwa siku. Hiyo si sababu ya kusubiri wala ya kukimbilia. Kitu cha kusubiri, kama unataka kusubiri, ni bei ya betri. Mwaka 2010 betri za lithiamu za magari zilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya uwezo. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Ya Kariakoo hutaipata kwa bei hiyo, ina usafiri, kodi na faida za watu watatu njiani, lakini mwelekeo ndio huo. Shemeji ana haki ya kusubiri, ila akisubiri umeme wa Rufiji anasubiri kitu kidogo.

Sasa betri yenyewe. Yule kijana wa Chanika hajasema uongo kuwa inakufa ndani ya mwaka. Zipo zinazokufa ndani ya miezi sita. Zipo pia zinazokaa zaidi ya miaka mitatu kwenye kazi hii hii. Kinachotofautisha ni kilichomo ndani na namna inavyotumiwa. Kila betri ina idadi ya mizunguko: kuijaza na kuimaliza mara moja ni mzunguko mmoja. Betri za risasi, hizi wengi wanaziita betri kavu, zikimalizwa kila siku huvumilia mizunguko kama 300 hadi 500. Lithiamu za aina ya nikeli hufika karibu 1,000. Lithiamu za fosfati, ambazo ubavuni zimeandikwa LFP au LiFePO4, hufika 2,000 na zaidi, na pia ni ngumu kushika moto.

Igeuze hiyo iwe kilomita. Chukua betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha, unapata 2,880, yaani uniti 2.88. Kwa mwendo wa kawaida, bila kuikausha kabisa, itampeleka kijana kama kilomita 70. Kwa mizunguko 1,000 ni kilomita 70,000. Kijana anayepiga kilomita 120 kwa siku anamaliza kilomita 3,120 kwa mwezi, basi betri ya nikeli itadumu kama miezi ishirini na miwili, na ya fosfati inaweza kufika miaka mitatu na miezi kadhaa. Ya risasi, yenye kilomita arobaini na tano hivi kila ikijazwa, itafika kilomita 18,000 na kuaga. Hiyo ni chini ya miezi sita. Mkataba wako ni miezi kumi na minne, dada. Ukichukua ya risasi utanunua betri ya pili na ya tatu kabla kijana hajakabidhiwa kadi, na sijui mtagawana vipi lawama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa Kariakoo ni "ndani ya betri kuna nini?". Lile la inakwenda kilomita ngapi liache, maana hapo atakujibu tu, tena namba ya mtu mwembamba kwenye barabara tambarare asubuhi yenye ubaridi. Mwambie akuonyeshe kibandiko chenye volti, ampea-saa na aina ya lithiamu, na dhamana iliyoandikwa kwa mizunguko au miezi, yenye sentensi inayosema betri ikishuka chini ya asilimia fulani ya uwezo wake anaibadilisha. Dhamana ya "mwaka mmoja" bila kusema dhidi ya nini haina kazi, kwa kuwa betri haifi ghafla kama taa. Inapungua. Leo kilomita 70, baada ya miezi kadhaa 60, halafu 50, na muuzaji atakwambia "mbona inawaka?"

Na hesabu ya kilomita 70 ni ya barabara ya wastani. Kuelekea kwako kuna vilima vya Pugu, na huko ndani Mvuti kuna mchanga na makorongo. Ongeza mishikaki, abiria wawili na gunia, na ile betri itatoa kilomita hamsini na kitu. Kijana wa Chanika akikataa pikipiki ya umeme, usimwone mshamba. Njia yake kwa sasa haina kituo, haina lami ya kutosha, na mteja wake wa mwisho yuko mbali na soketi.

Mvua na shoti. Pikipiki iliyotengenezwa vizuri inapita kwenye mvua bila shida. Tafuta alama ya IP67 kwenye betri na mota: sita ina maana vumbi haliingii, saba ina maana kifaa kinavumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kinacholeta shoti mara nyingi ni mkono wa fundi, yaani waya uliokatwa ili kufunga redio na taa za urembo, kiunganishi kilichoachwa wazi, betri iliyofunguliwa "kuiongeza nguvu". Volti 72 za betri si za kuchezea na bisibisi, kwa hiyo kwenye mkataba weka wazi kwamba hakuna fundi wa mtaani atakayefungua betri. Na kuosha kwa mashine ya presha pia aache, atumie ndoo na kitambaa.

Moto ni jambo la kweli na sitakutuliza kwa maneno matamu. Jiji la New York, lenye maelfu ya vijana wa kusambaza chakula kwa baiskeli za umeme, lilipoteza watu 18 mwaka 2023 kwa moto wa betri za lithiamu. Mara nyingi moto wa aina hiyo huanzia kwenye betri za bei rahisi zisizokaguliwa, chaja isiyo ya betri husika, seli za zamani zilizounganishwa na mpya, na kuchaji ndani, usiku, karibu na mlango watu wanapotokea. Ndiyo maana mwaka huo huo jiji likapiga marufuku kuuza zile zisizokuwa na cheti cha usalama. Kwako wewe sheria ya nyumbani ni rahisi: betri ichajiwe barazani au kwenye banda lenye hewa, kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro, nguo na mtungi wa gesi, na isichajiwe watu wakiwa wamelala. Ikitoka kazini ya moto, ipoe kwanza nusu saa kabla ya kuchomeka chaja. Joto huila betri kuliko kilomita. Ikivimba, ikitoa harufu ya ajabu au ikiwa na joto kali mahali pamoja tu, iachwe nje mbali na kuta na isiguswe tena. Usiifungue. Ikishaanza kutoa moshi, toa watu na piga 114, usihangaike kuokoa pikipiki.

Nije kwenye pesa. Mkataba wako wa sasa, shilingi 10,000 kwa siku ishirini na sita kwa miezi kumi na minne, unaleta milioni tatu, laki sita na arobaini elfu. Pikipiki ya mafuta ya milioni mbili na laki nane inakuachia laki nane na arobaini. Ile ya Kariakoo ya milioni tatu na laki nane, kwa mkataba huo huo, inakupa hasara ya laki moja na sitini hata kama haitapata pancha. Na wakati wewe unapata hasara, kijana anaokoa zaidi ya shilingi 7,000 kila siku. Muuzaji alikuambia pikipiki inaokoa hela, na ni kweli, ila hakukuambia inamwokolea nani.

Unaweza kurekebisha hilo, lakini kwa mkataba mpya. Mfano: hesabu iwe shilingi 14,000, elfu mbili kati ya hizo ziende kwenye akiba ya betri inayoandikwa kwenye daftari mnaloliona wote wawili. Kijana atatoa 14,000 na umeme 1,700, jumla 15,700, wakati zamani alikuwa anatoa 10,000 na mafuta 9,000, jumla 19,000. Bado anabaki na 3,300 kila siku zaidi ya zamani. Wewe miezi kumi na minne ikiisha umeingiza milioni nne, laki tatu na sitini na nane, faida ya laki tano na sitini na nane, na kuna laki saba na elfu ishirini na nane za betri. Ona kwamba hata hapo, pamoja na juhudi zote, bado ya mafuta inakupa zaidi. Na sijahesabu saa nne ambazo betri moja itamlaza kijana mchana akichaji, kwa kuwa 120 ni zaidi ya 70. Wapo wanaomudu, wanachaji saa sita hadi saa kumi wakati abiria ni wachache hata hivyo. Lakini usilipange bila kumwuliza yeye.

Kwa bei hiyo ya milioni tatu na laki nane, ushauri wangu ni usiichukue. Akishuka kwenye milioni tatu na laki moja au mbili, ikiwa ni LFP yenye dhamana ya maandishi, tuzungumze tena.

Ile ya kubadilisha betri ni habari nyingine, nayo ndiyo inayokua kwa kasi Afrika Mashariki. Kigali kuna kampuni imekuwa ikifanya hivyo tangu 2019, na Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa mjini humo ziwe za umeme tu. Kenya mwaka 2023 ilitenga bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya aina hii. Utaratibu wenyewe unaujua tayari, ni kama mtungi wa gesi: unapeleka mtupu, unachukua uliojaa, huulizi huu ulitoka kwa nani. Dereva hapotezi saa nne, betri ikichoka ni hasara ya kampuni, na wewe unanunua chombo kwa bei ndogo. Kwa milioni mbili na laki nne na hesabu ile ile ya 10,000, faida yako ni milioni moja, laki mbili na arobaini. Karatasi inapendeza.

Tuisome karatasi upande wa pili. Kijana analipa 3,500 kila akibadilisha. Akibadilisha mara mbili kwa siku ni 7,000, anaokoa 2,000 ukilinganisha na mafuta, na oili juu yake. Lakini kwenye kituo atapewa betri yoyote iliyojaa. Akipewa zilizochoka zinazotoa kilomita 45, atabadilisha mara tatu, shilingi 10,500, na hapo anazidiwa na mwenye mafuta. Ndiyo maana lazima muulize: bei ni ya kila badilisho au ya uniti alizotumia? Zipo kampuni zinazopima nishati iliyotumika na kumtoza dereva hiyo tu. Hizo ni za haki zaidi, maana betri dhaifu inamsumbua dereva kwa muda lakini haimtozi mara mbili.

La pili ni kwamba betri hizi zina laini ya simu ndani. Kampuni inaona ilipo, inaona ilivyotumika, na inaweza kuifunga ikiwa mbali. Hilo linawazuia wezi, na linaweza pia kukuzuia wewe. Pikipiki hiyo haipokei betri ya mtu mwingine, viunganishi na programu yake ni vyao. Bei ikipandishwa kutoka 3,500 hadi 5,000, huna pa kwenda. Na kampuni ikifa? Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Better Place, ilianzishwa 2007, ikajenga vituo vya kubadilishia betri za magari Israeli na Denmark. Ilikuwa na mamia ya mamilioni ya dola za wawekezaji. Mei 2013 ikafilisika, na waliokuwa wamenunua magari wakabaki na chombo ambacho betri yake haikuwa yao na vituo vyake vinafungwa. Upande wa pili, Taiwan kampuni ya Gogoro ilianza na skuta za kubadilisha betri 2015 na mtandao wake ukashika mizizi. Tofauti kubwa ilikuwa wingi: ya Israeli haikufikisha magari 1,500, na vituo havidumu bila wateja wengi kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda Gongo la Mboto wewe mwenyewe saa kumi na mbili jioni, wakati foleni iko, na utazame. Vituo viko vingapi kwenye njia ya kijana wako, Banana, Ukonga, Buguruni? Madereva wangapi wanabadilisha? Wanasubiri dakika ngapi? Umeme ukikatika kituo kinaendelea? Ongea na madereva wenyewe mbali na mhudumu. Waulize lini bei ilipanda mara ya mwisho na kama kuna aliyewahi kufungiwa. Utajifunza mengi kwa nusu saa kuliko kwenye kipeperushi.

Kisha soma mkataba wa kampuni na mtu anayejua kusoma mikataba, hata kama ni mwanasheria wa kulipwa elfu hamsini. Mambo ya kutafuta ni haya: kadi ya pikipiki ni ya jina la nani tangu siku ya kwanza, kampuni ikiondoka sokoni utauziwa betri au utabaki na chuma, bei ya badilisho inaweza kupanda baada ya taarifa ya siku ngapi, na kama chombo kinaweza kufungwa kwa deni la dereva huku wewe mwenye chombo hujajulishwa. Wakikuambia haya hayaandikwi, umepata jibu. Na mtu yeyote, wa Kariakoo au wa kampuni, akikuambia ya umeme haihitaji namba wala bima kwa kuwa haina injini, ondoka. Chombo cha kubeba abiria kwa malipo kinasajiliwa, kinakatiwa bima na leseni ya LATRA. Ajali ikitokea bila hivyo vitu, ni wewe utakayetafutwa.

Kitu kimoja ambacho wauzaji wote wanakikwepa ni bei ya kuuza tena. Pikipiki ya mafuta iliyochoka ina mnunuzi hadi Kisarawe na Kilwa, vipuri viko kila duka. Ya umeme iliyotumika bado haina soko la namna hiyo, na ya kubadilisha betri nje ya eneo lenye vituo haina mnunuzi kabisa. Kijana wako akikabidhiwa kadi baada ya miezi kumi na minne, anakabidhiwa kitu ambacho thamani yake iko mikononi mwa kampuni. Mweleze hilo mapema, ni haki yake kujua anachokitolea jasho.

Basi ningekuwa mimi, kwa milioni tano na laki tisa, ningemnunulia wa Chanika ya mafuta tena, milioni mbili na laki nane, kwa mkataba ule ule. Njia yake haijafikiwa. Kwa wa Gongo la Mboto ningeshikilia milioni mbili na laki nne kama mwezi mmoja huku nikifanya uchunguzi wa kituo na mkataba. Vikiwa sawa, ningechukua moja ya kubadilisha betri na kuandika mkataba mpya mbele ya mwenyekiti wa mtaa: hesabu ibaki 10,000, na kituo kikikosa betri siku nzima hesabu ya siku hiyo inasogezwa mbele, haifutwi wala haidaiwi siku hiyo. Laki saba zinazobaki usizirudishe kwenye chombo. Visipokuwa sawa, nunua ya mafuta ya pili bila aibu. Vituo vitaongezeka na nafasi nyingine itakuja.

Kuna sehemu ambayo siwezi kukusaidia nikiwa huku. Ukiamua kuchaji nyumbani hata mara moja moja, mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie kama nyumba ina waya wa ardhi na kama soketi ya barazani ina saketi breka yake. Chaja ya betri hizi inavuta umeme saa nne mfululizo, na soketi ya kuunganishwa na ekstensheni ya bei rahisi huyeyuka kabla betri haijajaa. Umeme wenu ukiwa unashuka sana jioni, taa zinafifia, toa taarifa TANESCO kabla ya kununua chaja.

Na ukitaka kuijaribu ile ya Kariakoo kabla hujamkatalia kabisa, mwombe siku moja ya majaribio. Betri ijae, kijana na mtu mzima nyuma, watoke Gongo la Mboto wapande Pugu hadi Chanika na kurudi, mpaka dashibodi ionyeshe asilimia ishirini. Niandikie kilomita walizopata, volti zilizokuwa zinaonekana mwanzo na mwisho, na saa ilizochukua kujaa tena, pamoja na picha ya kibandiko cha betri. Kwa hivyo vinne nitakuambia kama ndani yake kuna kile kilichoandikwa nje.